Manyoya ya Kanga kwenye Mpini wa Mninga

Mpini wa kwanza wa fimbo ya kuvulia niliojaribu kuupamba ulitoka umejaa mapovu kama soda iliyotikiswa. Chini ya mapovu hayo kulikuwa na manyoya sita ya kanga, yale meusi ya kijivujivu yenye madoa meupe, niliyoyachagua kwa siku mbili. Sasa yalikuwa na rangi ya maji ya kuoshea masufuria. Nikauweka mezani, nikautazama, nikajiuliza: mimi fundi wa mitumbwi, nani kanituma huku?

Aliyenituma ni ziwa lenyewe. Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilifungwa kwa uvuvi miezi mitatu, kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti, samaki wapate kuzaliana. Banda langu liko Kibirizi, ufukweni Kigoma, na kazi yangu ni kukalafati: nashindilia pamba kwenye maungio ya mbao, naziba, napaka rangi, chombo kinarudi majini. Wiki za mwanzo nilifanya kazi hadi giza, maana kila mwenye mtumbwi alisema bora autengeneze kipindi hicho. Ilipofika mwisho wa Juni, mifuko ya watu ikawa imekauka. Kibirizi bila dagaa ni kama stesheni isiyofika treni. Ukikaa pale unasikia hata mbwa akijikuna.

Ndipo akaja mzee mmoja kutoka Mwanga, hapa hapa mjini Kigoma, mstaafu wa reli, kashika fimbo ya kuvulia imefungwa kwenye gazeti. Ni mzee anayevua kwa kupenda tu, si kwa kuuza. Fimbo ilikuwa nzuri, nyepesi, ya kaboni, katumiwa na binti yake anayeishi nje. Ila mpini wake wa koki ulikuwa umekwisha. Panya walifuata harufu ya samaki, wakautafuna hadi ukabaki kama hindi lililopukuchuliwa. Koki yenyewe ni gome la mti wa mwaloni, nyingi inatoka Ureno, na Kigoma huipati labda ufungue chupa nyingi sana za mvinyo.

“Shikamoo mzee.”

“Marahaba, baba. Nataka uniwekee mpini wa mti. Lakini si mti mtupu.” Akatoa simu, akanionyesha picha aliyotumiwa na binti yake: mpini wa fimbo, na ndani yake manyoya ya ndege yamelala kama yako chini ya kioo. “Ziwa likifunguliwa nataka nishuke nayo.”

Huko Marekani wako mafundi wanaotengeneza fimbo za kuvulia mojamoja kwa oda, na madoido yao mojawapo ni hayo. Wanalaza manyoya ya bata mzinga, ya tausi au ya jogoo juu ya fimbo au mpini, halafu wanayafunika kwa epoksi, ile gundi ya makopo mawili inayochanganywa ikakauka ngumu kama kioo, hadi ukipitisha kidole usihisi kitu. Kupachika kitu kigeni ndani ya mbao si jambo lililotushukia jana. Watu wa pwani walitia njumu za pembe na mfupa kwenye viti vya enzi, na neno lenyewe njumu tunalo. Kwa hiyo nilipoiona picha ile nikasema hii ni njumu tu, tofauti ni kwamba badala ya mfupa kuna unyoya. Nikamwambia mzee arudi baada ya wiki mbili.

Wiki mbili! Nikikumbuka nacheka.

Mbao haikunisumbua. Nilikuwa na kipande cha mninga kilichokaa bandani misimu miwili ya mvua, kikavu, hakipindi. Mninga ndio mti ninaoupenda kuliko yote. Unakubali patasi, hausinyai hovyo, na ukipakwa mafuta unatoa ile rangi ya asali iliyoungua. Vumbi lake tu ndilo linanipandisha chafya. Nikakereza umbo la mpini, nikatoboa katikati kwa keekee ndefu ili ufito wa kaboni uingie, na nikapanua tundu kwa tupa ya mviringo ili kupunguza uzito, maana mbao ina uzito ambao koki haina, na fimbo ikielemea nyuma mvuvi hamsikii samaki anapogusa ndoano. Hadi hapo nilikuwa nafanya kazi ninayoijua.

Kisha nikachukua gundi ya mbao, nikabandika manyoya, nikachanganya ile epoksi ya dakika tano inayouzwa kila duka la vifaa, nikaimwaga juu. Yaliyotokea nimeshayasema. Gundi ile ni nzito kama uji wa muhogo na inakauka kabla hujamaliza kuitandaza. Hewa ikabanwa humo humo. Na pale ambapo haikubanwa, gundi iliuloweka unyoya hadi ukawa kama karatasi iliyodondokewa mafuta ya taa: madoa meupe yakapotea, nikawa naona mbao kupitia kwenye unyoya.

Nikautupa chini ya benchi, nikarudia. Mpini wa pili manyoya yalishika siku tatu, siku ya nne yakabanduka yote kwa pamoja kama ngozi ya nyoka.

Manyoya nilikuwa nayatoa Ujiji kwa mama mdogo. Anafuga kanga chini ya miembe, na kelele za ndege wale zinamfanya asihitaji mbwa. Siku niliyomfuata mara ya tatu kuomba manyoya alikuwa ananyonyoa kuku wa mgeni.

“Mwanangu, hayo mengine umeyala?”

Nikamweleza. Akanisikiliza hadi mwisho, akamgeuza kuku, akabonyeza kile kinundu cha juu ya mkia, kile ambacho wapishi wengi hukikata na kukitupa. Kikatoa utelezi wa mafuta.

“Hii unaijua? Ndege anachukua mafuta hapa kwa mdomo, anajipaka kila siku. Kanga akinyeshewa anajikung’uta mara moja, kakauka. Sasa wewe unataka gundi ishike mahali palipokataa mvua. Uliyaosha?”

Sikuwa nimeyaosha. Mimi ambaye siwezi kupaka rangi ubao wa mtumbwi kabla sijaufuta mafuta ya injini, nilikuwa nabandika manyoya kama yalivyotoka kwa ndege.

Nilirudi Kibirizi nimekaa nyuma ya bodaboda nikiwaza. Miaka yote kazi yangu imekuwa kuzuia maji yasiingie mahali. Unyoya nao umeumbwa kwa kazi hiyo hiyo, na umenizidi ufundi: unazuia maji, na juu yake unafungia hewa, ndiyo maana ndege hasikii baridi. Kumbe nilichotakiwa kufanya ni kumvunja mwenzangu kazi yake. Nitoe mafuta, nitoe hewa, halafu niingize kitu cha kukaa mahali pa hewa ile, polepole, kabla epoksi haijafika. Nilipolielewa hilo mambo mengine yakaanza kujipanga, ingawa hayakujipanga siku moja.

Manyoya nikayaosha kwa maji ya vuguvugu na sabuni ya vyombo, nikayasuuza mara mbili, nikayatandaza kivulini. Yakilowa yanatia huruma, yanakuwa kama mswaki wa zamani. Lakini yakikauka unayapitisha katikati ya vidole, kutoka shinani kwenda nchani, na yanajifunga tena. Nyuzi za unyoya zina vishikizo vidogo sana vinavyokamatana kama zipu, na ndicho anachofanya ndege anapojichokonoa kwa mdomo. Malaika yote ya chini, yale laini ya kupeperuka, niliyakata. Hapo ndipo hewa nyingi inapojificha. Ukiacha hata kidogo, povu litatokea mahali hapo hapo.

Manyoya ya ubawa nikaachana nayo. Uti wake ni mnene, na ukiulaza kwenye mpini wa mviringo unasimama kama mshipa wa shingo ya mtu anayegomba. Ya kifuani na ya ubavuni ni madogo, yamepinda kidogo yenyewe, uti wake unakubali kupunguzwa kwa wembe upande wa chini.

Halafu rangi. Hili lilinichukua mipini miwili zaidi. Mninga ni mwekundu wa kahawia, na unyoya wa kanga ukiwekwa juu yake unamezwa, kwa sababu kadiri unavyoloweshwa ndivyo unavyoonyesha kilicho chini yake. Nikakereza mfereji wa kina cha milimita moja hivi kuzunguka mpini, upana wa vidole vitatu, nikaupaka rangi nyeusi, nikaacha ukauke kabisa. Madoa yakaruka. Yaani yaliruka, kama nyota usiku ambao wavuvi wanaupenda, ule usio na mwezi. Wanasema kitambaa cha kanga kilipewa jina kwa madoa ya ndege huyu, na siku hiyo sikuwa na sababu ya kubisha. Manyoya ya jogoo, yale ya shingoni yenye rangi ya shaba, yenyewe hayataki weusi. Yanataka mbao nyeupe chini, na kwa hayo natumia vipande vya msindano.

Kulaza manyoya ni kama kuezeka. Unaanza chini, kila safu inafunika shina la safu iliyotangulia. Gundi ni ya mbao, imezimuliwa kwa maji, inapakwa kwa brashi ya mtoto wa shule, nyembamba sana. Nikimaliza safu nazungushia uzi wa kushonea bila kukaza, nauondoa gundi inaposhika. Baadaye ndipo inakuja hatua ambayo mwanzo sikujua hata kama ipo: sila, ile dawa ya kuziba vitundu vya mbao kabla ya vanishi. Napaka sila ya mbao niliyoizimua kwa thina, inakuwa nyepesi kama maji, tabaka la kwanza, nasubiri, la pili, nasubiri, hadi matano au sita. Kila tabaka linaingia ndani ya nyuzi na kufukuza hewa kidogo. Unyoya ukishashiba sila, epoksi ikija juu yake haipati pa kuingia, hivyo haiuloweshi na haitoi povu. Watu wengi wanaoniuliza siri yangu ni nini wanategemea nitaje epoksi ya bei kubwa. Sila ya makopo, basi.

Epoksi nayo si ile ya dakika tano. Niliagiza Dar es Salaam ile inayochelewa kukauka, ikaja na basi, kopo limeviringishwa kwenye suruali ya jinzi. Inachanganywa nusu kwa nusu. Mara ya kwanza nilipima kwa macho, kama ninavyopima rangi na thina, na mpini ukabaki unanata wiki nzima, nzi wawili wakafia pale. Sasa napima kwa sirinji mbili za duka la dawa, moja ya kila kopo, wala haziazimani. Nakoroga taratibu, si kama anayepiga mayai, halafu naimwaga kwenye kipande cha foili itandae, mapovu yatoke. Yanayobaki juu ya mpini napitisha mwali wa kibatari cha spiriti kwa mbali, kwa haraka, yanapasuka yenyewe.

Ila epoksi ya namna hiyo ina tabia moja: kwa saa tatu au nne inabaki ya maji maji, na ukiuacha mpini umetulia yote inakwenda chini, inatengeneza tumbo. Lazima mpini uzunguke, polepole, bila kusimama. Mota nilitoa kwenye maikrowevu mbovu, ile ndogo inayozungusha sahani. Ni mizunguko michache tu kwa dakika, na haina haraka na mtu. Nikaifunga kwenye ubao, mpini nikauchomeka kwa kizibo, upande wa pili nikauegemeza kwenye kijiti chenye pengo. Juu nikafunika boksi la televisheni, kwa kuwa Julai Kigoma ni vumbi, nikamwagia na sakafu maji.

Umeme ukakatika saa mbili usiku, epoksi ina dakika arobaini.

Nilikuwa na mpwa wangu wa miaka kumi na miwili, aliyekuja likizo akidhani atakwenda kuogelea. Tulikaa mmoja huku mmoja huku, tukauzungusha ule mpini kwa vidole hadi karibu saa sita. Robo mzunguko, unahesabu mpaka tano, robo mzunguko. Kurunzi ilikuwa mdomoni mwangu. Yule mtoto alinihadithia filamu nzima tangu mwanzo hadi mwisho, na alipomaliza akaanza nyingine. Mbu walitufanyia sherehe. Asubuhi nikaufunua: hauna tumbo, hauna povu, una alama moja tu ya kidole cha mtoto karibu na kitako. Sikuipiga msasa. Ipo mpaka leo kwenye fimbo ya yule mzee, ukijua pa kutazama.

Tabaka la pili lilifuata kesho yake, na baada ya wiki nikasugua kwa msasa namba 400 na 600 wa maji, nikamalizia kwa vanishi inayozuia jua. Epoksi ikipigwa jua bila kinga inageuka njano kama meno ya mvuta tumbaku, na ziwani hakuna kivuli.

Nirudi nyuma kidogo, kuna mambo mawili nimeyaruka. La kwanza ni mpingo. Katikati ya majaribio nilipata wazo kwamba kwa nini nihangaike na rangi nyeusi wakati kuna mti mweusi. Nikakereza mpini wa mpingo, ukapendeza kuumiza macho. Gundi haikushika, maana mpingo una mafuta yake ndani, hadi nikaufuta kwa spiriti mara kadhaa ndipo ikakubali. Kijana mmoja muuza samaki akaupenda hivyo hivyo kabla sijaweka manyoya, akanunua, akaufunga kwenye fimbo yake. Wiki ya kwanza baada ya ziwa kufunguliwa ukamponyoka mkononi akiwa ndani ya boti. Mninga huelea. Mpingo huzama kama nanga, na ziwa letu kina chake kinafika mita 1,470 hivi. Alikuja kuniuliza kama nina mwingine. Nikampa pole na mninga.

La pili ni zito zaidi. Habari zilipoanza kusambaa, mtu mmoja akaniletea manyoya matatu ya furukombe kwenye bahasha. Meupe, marefu, safi. Akasema kayaokota, akataka mpini wa kumpa mkubwa fulani zawadi. Sikubishana naye kama kaokota au la. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 inauhesabu unyoya kuwa nyara, sawa na pembe, jino na ngozi, na nyara bila kibali ni kesi. Hata huko Marekani ulikotoka mtindo huu kuna sheria ya mwaka 1918 ya kulinda ndege wanaohama, ambayo haijali kwamba uliokota chini. Nikamrudishia bahasha yake. Alikasirika, akasema najifanya mwanasheria na kalafati mkononi. Mimi nabaki na kanga wa mama mdogo na majogoo wa jirani, na yule jirani ananidai maelezo kila jogoo wake anapoonekana na shingo tupu, hata kama ni msimu wake wa kupukutika.

Kuyahifadhi manyoya nako ni shughuli. Wadudu wanayapenda. Nilishauriwa niyagandishe siku kadhaa kabla ya kuyaweka kwenye kopo, nikaomba nafasi kwenye friza ya mama anayeuza migebuka. Wadudu walikufa. Harufu mpaka leo haijafa.

Tarehe 15 Agosti ilipofika mzee alikuwa na fimbo yake tayari, na mimi nilikuwa na mipini mitano iliyoharibika chini ya benchi. Aliichukua, akaigeuzageuza juani, madoa yakametameta, akanyamaza muda mrefu. Nikajua nimempata. Akalipa bila kuomba punguzo, jambo ambalo mstaafu hafanyi.

Siku tatu baadaye akarudi. Nikatoka mbio, nikidhani kaja kunionyesha kuhe au sangala.

“Baba, mpini mzuri sana,” akasema. “Lakini unateleza.”

Akaniomba ndoo ya maji, akatumbukiza mkono, akashika palipo na manyoya, akazungusha kifundo cha mkono kama anayemvuta samaki. Fimbo ikageuka mkononi mwake kama sabuni. Sikuwa nimewaza hilo hata mara moja. Miezi miwili nahangaikia kioo, na kioo kikilowa, kina ute wa samaki, hakishikiki. Mikono ya mvuvi lini ilikuwa mikavu?

Nikakaa naye kwenye benchi, nikamwambia avue mbele yangu bila maji, arushe, avute, arushe tena. Nikaona kiganja chake hakigusi kabisa sehemu ya mbele, ile iliyo juu ya rili ya kukunjia mshipi. Pale ndipo manyoya yanapotakiwa kukaa. Chini, mahali pa kiganja, mbao inabaki na mafuta tu, imekwaruzwa kidogo kwa msasa mkavu. Nilimfanyia mpini mwingine kwa nusu bei, nikakata ile sehemu yenye alama ya kidole cha mpwa wangu nikaipachika kwenye kitako cha mpya, kwa sababu mzee mwenyewe aliitaka.

Tangu hapo nimefanya kama ishirini, mingi kwa wavuvi wa kujifurahisha na michache kwa watu wasiovua, wanaotundika ukutani. Mitumbwi bado ndiyo inayonilisha. Mpini mmoja unanichukua wiki tatu, na mtu akitaka kwa siku nne namwelekeza dukani.

Ule wa kwanza, wenye mapovu, mama mdogo aliuona chini ya benchi akauomba. Nikamwambia huo umeharibika. Akasema hajaomba wa kuvulia. Aliuchomekea fito ndefu, na jioni ukipita Ujiji chini ya miembe utamkuta anaupunga, akiwaswaga kanga waingie bandani, nao wanamgombeza njia nzima.